Zulia la Mwalimu Teagues

Mama yangu alifundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Jioni niliyomwekea tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, Abbott Elementary, kwenye laptop nilijua nitakuwa mkalimani. Mwanzoni nilijitahidi: huyu kasema hivi, yule kamjibu vile, hapa wanacheka kwa sababu neno lina maana mbili. Kichekesho ukikifafanua unakiua, na mimi niliua kama sita mfululizo. Ndipo akaingia mwalimu mkuu, Ava Coleman, amependeza kuliko shule nzima, anaipigia kamera mapozi huku walimu wake wakimsubiri. Mama akacheka kabla sijafungua mdomo.

"Huyu kala hela ya shule," akasema.

Na kweli alikuwa kala. Fedha zilikuja, Ava akazitumia kutengenezea bango la shule lenye sura yake mwenyewe. Tulikuwa bado hatujafika hapo. Mama aliyasoma usoni.

Kwa asiyeijua tamthilia hii: televisheni ya ABC ya Marekani ilianza kuirusha tarehe 7 Desemba 2021. Mambo yote yanatokea kwenye shule ya msingi ya umma mjini Philadelphia, wanafunzi wengi ni Weusi, jengo ni kuukuu, vifaa ni vya kuokoteza. Kuna kikosi cha kamera kinachojifanya kimekuja kurekodi dokumentari kuhusu shule zilizotelekezwa. Aliyeibuni ni Quinta Brunson, mzaliwa wa Philadelphia, na ndiye pia anayecheza Janine Teagues, mwalimu kijana wa darasa la pili, mfupi, mchangamfu kupita kiasi, mwenye kuamini kwamba kila tatizo lina suluhisho akikosa usingizi kidogo tu. Mama mzazi wa Brunson alifundisha chekechea mjini humo kwa miaka arobaini, na Brunson alisoma shule hiyo hiyo aliyofundisha mama yake. Jina la Abbott alilitoa kwa Joyce Abbott, mwalimu aliyemfundisha darasa la sita.

Kisa cha sehemu ya kwanza ni zulia. Mtoto kakojolea zulia la darasa la Janine, na mwalimu anataka jingine. Basi, hicho ndicho kisa. Zulia ndipo watoto wake wanapokaa chini na kutulia, na kwa baadhi yao ndicho kitu laini pekee katika siku nzima. Anamwomba mwalimu mkuu, kumbe hela ndiyo ile iliyogeuka bango. Anaandika barua pepe kwa wakubwa kumshtaki Ava, barua inazunguka na kumrudia Ava mwenyewe, mchezo ambao mtumishi yeyote wa umma anaujua bila kufundishwa. Mwishowe Melissa Schemmenti, mwalimu mwenye asili ya Kiitaliano ambaye kila ofisi na kila ghala mjini ana mtu wake, anapiga simu. Mazulia yanaletwa kutoka uwanja wa Eagles, timu ya mjini humo ya mpira wa Kimarekani. Yametokaje huko, hilo halichimbwi sana.

Wengi wanaoisifu Abbott husema inapendwa kwa kuwa ina moyo, inafariji, watu wake ni wema. Siwapingi, ila naona hawajafika kwenye shina. Wema peke yake hauchekeshi, na televisheni imezika tamthilia nyingi za watu wema zilizokuwa tamu kama uji uliozidi sukari. Unakunywa vijiko viwili, unasukuma bakuli. Upendo wa Abbott una gharama, na kipindi hakichoki kutuonyesha risiti. Karibu kila sehemu inaanza na kitu kilichopungua: zulia, balbu ya korido, vitabu, mwalimu. Kisha tunatazama watu wazima, waliosomea kazi yao, wakihangaikia kitu ambacho hakikupaswa kuwa shida yao. Kicheko kinatoka kwenye ule umbali kati ya udogo wa kitu na ukubwa wa mahangaiko. Mapenzi nayo yanatoka hapo hapo. Hakuna anayesema anawapenda watoto wa Philadelphia; badala yake mtu anapanda ngazi.

Kupanda ngazi ni kweli. Sehemu ya pili, Janine anaamua kuitengeneza mwenyewe ile balbu inayomemeteka koridoni, na anachofanikiwa ni kuikatia shule umeme. Barbara Howard, mkongwe wa chekechea, alikuwa keshamwonya: kuna mambo unayaacha. Hili ndilo jambo lililomfanya mama anitazame kwa pembe ya jicho. Kila shule, alisema, ina mwalimu mpya anayepanda meza kurekebisha taa, na ina mwalimu mzee anayeshika meza asianguke huku akimsema.

Mwalimu kutoboa mfuko wake si utani wa waandishi tu. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwalimu kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi kiasi fulani kwa mwaka, kwa vitu alivyolinunulia darasa kwa fedha zake. Utaratibu ulianza mwaka 2002 kwa hadi dola 250, ukapandishwa hadi dola 300 kuanzia mwaka wa kodi wa 2022. Litafakari hilo. Maana yake serikali inajua, imepiga hesabu, na imetenga hadi nafasi kwenye fomu. Janine akinunua kalamu za rangi dukani tunamcheka kwa hamasa yake, lakini nyuma yake kuna taifa zima lililozoea.

Tukirudi nyuma kidogo tutaona jinsi mtindo huu wa vichekesho vya kazini vinavyojifanya dokumentari ulivyofika hapa, maana haukuzaliwa na moyo laini. The Office ya Uingereza, iliyoanza BBC mwaka 2001, ilimweka katikati bosi David Brent, mtu anayejiona mcheshi na hodari huku wafanyakazi wake wakitamani ardhi ipasuke wazame. Ulicheka umefumba jicho moja kwa aibu. Wamarekani walipoichukua mwaka 2005 walianza vivyo hivyo. Msimu wao wa kwanza wa sehemu sita ulikuwa mkavu, na ilibidi bosi wao, Michael Scott, apunguziwe ubaya na aongezewe upweke ndipo watu wakamkubali. Mwaka 2009 ikaja Parks and Recreation, ikajikwaa pale pale. Msimu wa kwanza, nao wa sehemu sita, Leslie Knope wa ofisi ya bustani za mji alionekana kama kichekesho cha wenzake. Msimu wa pili waandishi walimwacha na ari yake ile ile, wakabadilisha zaidi namna wenzake wanavyomtazama. Walipoanza kumheshimu wao, nasi tukamheshimu. Hilo ni somo kubwa la ufundi, na sidhani limesemwa vya kutosha: kwenye vichekesho vya kazini mtazamaji huazima macho ya wafanyakazi wenzake mhusika.

Abbott ilizaliwa ikilijua hilo. Sehemu yake ya kwanza iliongozwa na Randall Einhorn, aliyeshika kamera na kuongoza sehemu kadhaa za The Office ya Marekani, na unaiona mikono yake kwenye ile kamera inayochungulia mlangoni, inayochelewa nusu sekunde kugeuka, kama mgeni anayejitahidi asionekane anaumbea. Hakuna vicheko vya kubandikwa. Badala yake kuna jicho la Gregory Eddie.

Gregory anachezwa na Tyler James Williams. Alikuja Abbott kama mwalimu wa muda tu, akimbadilisha mwalimu aliyefukuzwa kwa kumpiga teke mwanafunzi, na moyoni ana kinyongo: ukuu wa shule ulipaswa kuwa wake. Ava aliupata kwa sababu alimfumania msimamizi wa shule wa wilaya akimsaliti mkewe na mama mmoja wa kanisa lao. Basi Gregory ni mtu aliyenyooka, shati limechomekwa, ndevu zimepangwa, amezungukwa na vurugu. Anaambiwa jambo la ajabu, hajibu, anageuza macho taratibu mpaka kwenye kamera, yaani kwako. Usoni hakuna kilichosogea isipokuwa macho. Mama hakuhitaji mkalimani hata mara moja kwa Gregory. Ni lile jicho ambalo walimu wawili hupeana kikaoni mwalimu mkuu anapotangaza kamati mpya. Ukilipewa jicho hilo, wewe si mtazamaji tena, umeshaingizwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Naamini ndiyo maana mashabiki wa Abbott huwazungumzia watu wake kama majirani wa dawati, na wanamlaumu Janine kama unavyomlaumu mfanyakazi mwenzako aliyekubali kazi ya Jumamosi bila kuwauliza wenzake.

Kisha kuna Barbara. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila yeye kipindi kingekuwa peremende.

Sheryl Lee Ralph, anayemcheza, si mtoto wa jana. Mwaka 1981 alikuwa jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, igizo la muziki la Dreamgirls lilipoanza. Anamfanya Barbara kuwa mwanamke anayeingia chumbani na chumba kinajipanga. Mkoba, mkufu, koti la kushonwa vizuri, sauti haipandi. Janine anataka kupendwa naye kwa namna inayotia huruma, na mara nyingi Barbara hampi. Anamkosoa. Anamnyamazisha. Anamwacha akosee. Kwa wenzetu wanaotazama kutoka kwenye mila ya kwamba kazini wote ni sawa na kila mtu aitwe jina lake la kwanza, uhusiano huu huenda ukaonekana mgumu. Kwetu sisi ni wa kawaida kabisa: ni mkubwa na mdogo, ni mtu anayekusema kwa sababu kakuhesabu kuwa wake. Asiyekuhesabu anakuchekea tu.

Tazama sehemu ya orodha ya mahitaji, Januari 2022. Ava, ambaye kwa simu yake ni hodari kuliko alivyo kwa shule yake, anawasaidia walimu kutengeneza video za mtandaoni za kuomba vifaa, na vifaa vinakuja. Barbara hataki. Janine, kwa wema wake wa kupita kiasi, anamzunguka, video ya darasa la Barbara inatengenezwa bila ridhaa yake. Barbara akiiona anaumia. Watoto wake wameonyeshwa kama watu wa kuhurumiwa. Yeye kwa miaka yote amewafundisha wajione wanatosha, na kile kidogo kilichopo amekipanga, amekipamba, wasijue kwamba ni kidogo. Sasa mtu kawapigia picha ya upungufu wao.

Nilipomtafsiria mama maneno ya Barbara alinyamaza muda mrefu hata nikadhani kasinzia. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Mwaka mmoja walikuja wageni na kamera shuleni kwao kabla ya kutoa madawati, wakawataka watoto wakae chini vumbini ingawa mikeka ilikuwepo, mama kaishona mwenyewe. Akaikunja mikeka. "Nilikunja," akarudia, wala hakuongeza kitu.

Vichekesho vingapi vinaweza kukufikisha hapo, ndani ya dakika ishirini na mbili, na kabla ya hapo ulikuwa umeshika mbavu? Na Barbara hachongwi sanamu. Kuna sehemu nyingine ambapo programu mpya ya kusomea inamshinda, anaona aibu kukiri, anaficha, na ghafla takwimu zinaonyesha watoto wake wa chekechea ni wasomaji wa ajabu. Mkubwa naye anaumbuka. Heshima yake haivunjiki kwa kuumbuka. Inavunjika kidogo, wadogo wanaishika, inakaa sawa. Hicho ndicho ninachokiita uchangamfu wenye mifupa.

Ava ni fumbo gumu zaidi. Ni mla fedha, mvivu, anamtongoza Gregory saa za kazi mchana kweupe. Kwa vigezo vyote tulipaswa kumchukia. Janelle James anamcheza kwa raha kubwa mno kiasi kwamba chuki inakosa pa kushika. Lakini si uigizaji pekee. Waandishi wamempa Ava kazi ya kusema ukweli ambao wema hawausemi: kwamba mfumo huu hauko makini, kwa nini yeye awe makini? Janine anajibu kwa kujitesa, Ava anajibu kwa kujipodoa. Wote wawili wameisoma barua ile ile. Taratibu, msimu hadi msimu, tunamwona akiitetea shule kwa ujanja ule ule aliokuwa akiitapeli, hasa pale kampuni ya shule zinazoendeshwa na watu binafsi kwa fedha za umma inapoitolea macho Abbott katika msimu wa pili. Mwizi wa ndani anageuka mlinzi. Mama hakubaliani nami hapa. Kwake Ava ni mwizi, na alipaswa kuhamishwa kituo zamani.

Kuna lawama moja nzito, na ni ya haki. Kwamba tamthilia kama hii inatufanya tuuone umaskini wa shule kuwa mtamu. Tunaangalia walimu wakiziba matundu kwa miili yao, tunafuta chozi, tunalala. Nimeibeba lawama hii kwa muda na sijaweza kuitua yote. Februari 2023, msimu wa pili ukiwa hewani, mahakama ya jimbo la Pennsylvania iliamua kwamba mfumo wa jimbo wa kugharimia shule, unaotegemea mno kodi ya majengo na ardhi ya kila eneo, unakiuka katiba ya jimbo. Kesi ilifunguliwa mwaka 2014. Mtoto aliyekuwa darasa la pili siku inafunguliwa alishakuwa sekondari hukumu inatoka. Hakuna sehemu ya Abbott iliyoweza kuliweka jambo hilo kwenye kichekesho, na hakuna zulia la Eagles linaloweza kulifunika.

Hata hivyo waliomo ndani hawajifanyi hawajui. Brunson alieleza kwamba sehemu ya fedha za kukitangaza kipindi zilielekezwa kwenye kununulia walimu vifaa. Mume wa Sheryl Lee Ralph, Vincent Hughes, ni seneta wa jimbo hilo hilo kutoka Philadelphia, na hali ya shule ni hoja yake ya miaka. Na ndani ya hadithi yenyewe, ukiangalia vizuri, walimu hawashindi kamwe. Hawapati bajeti. Wanapata zulia. Kila ushindi wao una ukubwa wa kubebwa na mtu mmoja mlangoni, na wiki ijayo kitu kingine kimeharibika. Tamthilia ya kutubembeleza ingewapa shule mpya kufikia msimu wa tatu.

Msimu huo wa tatu, ulioanza Februari 2024 na kufupishwa hadi sehemu 14 baada ya migomo ya waandishi na waigizaji wa Hollywood, ndio ulionithibitishia ninachokisema. Janine anaondolewa darasani na kupelekwa ofisi za wilaya kwa kazi ya muda. Huko kuna viti vizuri, kahawa nzuri, wenzake werevu na wenye nia njema. Na utamu ukapungua. Sikuelewa mara moja kwa nini; waigizaji ni wale wale, kalamu ni zile zile. Baadaye ikanijia: kule ofisini hakuna kinachopungua, kwa hiyo wema hauna cha kufanya. Watu wanaongea vizuri tu. Aliporudi darasani, kelele zikarudi, na mimi nikasogea tena karibu na skrini. (Mapenzi yake na Gregory, yaliyosubiriwa misimu mitatu mpaka mtu unachoka kwa niaba yao, nayo huniingia zaidi yanapopita katikati ya kazi kuliko yanapopewa mishumaa.)

Tuzo wamezipata. Septemba 2022 Ralph alichukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji msaidizi wa kike wa vichekesho, akaipokea kwa kuimba ukumbi mzima ukasimama. Brunson akachukua ya uandishi kwa sehemu ile ya zulia. Januari 2024 Brunson akashinda ya mwigizaji mkuu wa kike wa vichekesho, ambayo mwanamke Mweusi hakuwa ameishika tangu Isabel Sanford mwaka 1981. Hesabu hiyo ya miaka inachekesha kwa namna ambayo Gregory angeigeuzia kamera jicho.

Jioni ile tulimaliza sehemu ya kwanza, nikataka kuweka ya pili. Mama akaniambia nirudishe nyuma kidogo, pale mazulia yanapofika. Nikarudisha. Akasogea, akavaa miwani, akatazama watoto wakikaa, mmoja akilala kifudifudi, mwingine akipapasa kwa viganja. Nikadhani sasa machozi.

"Hayo ya uwanjani ni mazito," akasema. "Nani atayaanika?"

Nikamwambia kuna Mzee Johnson, mhudumu wa usafi, ila yeye muda mwingi yuko kwenye nadharia zake za njama za dunia.

"Basi mwezi mmoja, yatanuka." Akavua miwani. "Haya, weka ya pili."